Miligramu Saba: Kanuni za Majitaka za Mwanza Zinatoka Wapi

Chota lita moja ya maji ya Ziwa Victoria, mita chache kutoka Mwaloni Kirumba, asubuhi ziwa likiwa limetulia. Joto lake ni kama nyuzi 25. Tuanze na swali moja: ndani ya lita hiyo mna oksijeni kiasi gani ya kuvutwa na samaki?

Jibu halitegemei ukubwa wa ziwa. Oksijeni huingia majini kwa sababu hewa iliyo juu inaisukuma iingie, na joto la maji huifukuza itoke. Dar es Salaam, kwenye usawa wa bahari, lita ya maji yasiyo na chumvi yenye joto hilo hubeba takriban miligramu 8.3. Uso wa Ziwa Victoria uko zaidi ya mita 1,130 juu ya bahari. Huku hewa ni nyepesi na msukumo wake umepungua, kwa hiyo lita ileile, ikitegemea hewa peke yake, haipati zaidi ya miligramu 7.2 hivi. Tuchukue saba. Lita moja ya hewa unayovuta ukiwa umesimama hapo mwaloni ina oksijeni zaidi ya mara 30 ya hiyo. Kamongo na kambare, oksijeni ya majini ikipungua, hupanda juu wakavuta hewa ya kawaida. Sangara hana uwezo huo.

Kanuni nyingi za majitaka, zile ambazo mwenye nyumba huziona kama usumbufu na mwenye kiwanda huziona kama gharama, ukizifuata hadi kwenye mzizi wake zinaishia kwenye hiyo saba. Nataka tuzifuate pamoja, taratibu, kwa hesabu ambazo mtu anaweza kuzifanya nyuma ya bahasha.

Majitaka ya nyumbani, kwa sehemu kubwa, ni chakula. Ni mabaki ya ugali, mafuta, mkojo, kinyesi, povu la sabuni. Bakteria wa ziwani wakiyapata wanafanya kile ambacho kiumbe yeyote angefanya mezani: wanakula, wanazaliana, na wanapumua. Kupumua ndiko kunakokula oksijeni. Wahandisi wa nchi za joto hukadiria kwamba uchafu wa mtu mmoja kwa siku huhitaji gramu 40 hivi za oksijeni hadi bakteria waumalize kwa kiasi kikubwa. Mtu huyo akitumia lita 80 za maji, kila lita ya majitaka yake inadai miligramu 500. Gawa kwa saba. Lita moja ya majitaka ghafi inaweza kumaliza oksijeni yote ya lita 70 za maji ya ziwa.

Sasa chukua damu. Mwanza ni mji wa minofu. Viwanda vya sangara vya Igogo na Ilemela vimekuwa vikikata samaki kwa ajili ya soko la nje tangu miaka ya 1990, na machinjio ya ng'ombe yapo pia. Damu ghafi inadai zaidi ya miligramu 100,000 za oksijeni kwa lita. Lita moja tu ikifika ziwani inahitaji lita 14,000 za maji yaliyojaa oksijeni, yaani matenki 14 ya plastiki ya lita elfu moja yaliyopangwa mstari. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya machinjio popote duniani ni kukinga damu kabla haijagusa bomba. Anayeimwaga kwa kuisukuma na mpira wa maji haipunguzi. Anaisafirisha tu.

Kipimo cha deni hili kina historia yake. Mwaka 1898 Uingereza iliunda Tume ya Kifalme ya Majitaka, na ripoti yake ya nane, ya mwaka 1912, ndiyo iliyoweka msingi wa kile ambacho maabara hadi leo hukiita BOD. Unajaza chupa maji unayoyapima, unayachanganya na maji safi yenye oksijeni, unaifunga isipitishe hewa, unaiweka gizani kwa siku tano, kisha unapima oksijeni iliyobaki. Iliyopotea ndiyo iliyoliwa. Siku tano, wanavyosimulia wengi, zilichaguliwa kwa sababu mito ya Uingereza haichukui muda mrefu zaidi ya huo kufika baharini. Tume ilipendekeza miligramu 20 kwa lita, ikidhani kwamba kila sehemu moja ya majitaka yaliyosafishwa itakutana na angalau sehemu nane za maji safi ya mto.

Dhana hizo zinastahili kutazamwa kwa makini tukiwa Mwanza. Mto wa Uingereza una baridi, unabeba oksijeni nyingi zaidi, na baridi hiyohiyo inawapunguzia bakteria kasi. Hapa maji ya uvuguvugu yana akiba ndogo na walaji wenye haraka. Tena mto hukimbia. Ghuba ya Mwanza ni mkono mwembamba wa ziwa wenye urefu wa kilomita 60 hivi, na maji yaliyo ndani yake hayana pa kukimbilia haraka. Siku ya tano ikipita, deni bado liko palepale.

Tanzania iliweka viwango vyake katika kanuni za ubora wa maji za mwaka 2007, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Maji yanayotoka kiwandani au kwenye mabwawa ya majitaka na kuingia kwenye mto au ziwa yasizidi BOD ya miligramu 30 kwa lita. Chembe zinazoelea zisizidi miligramu 100. Kipimo cha uasidi au ubesi (pH) kiwe kati ya 6.5 na 8.5. Rudia hesabu yetu: 30 gawa kwa saba ni kama nne. Lita moja iliyosafishwa kwa kiwango hicho inadai oksijeni ya lita nne tu za ziwa badala ya 70. Anayetaka kumwaga moja kwa moja kwenye chanzo cha maji anahitaji kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Anayetaka kumwaga kwenye mabomba ya mji anashughulika na MWAUWASA, mamlaka ya majisafi na usafi wa mazingira ya Mwanza, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019.

Hapo ndipo kanuni za mabomba zinapoanza, na hizi zina fizikia yake.

Bomba la majitaka halijazwi. Maji hutembea chini yake, na juu hubaki nafasi ya hewa. Nguvu inayosukuma ni mteremko peke yake. Ili kinyesi na mchanga visilale njiani, maji yanapaswa kukwaruza kitako cha bomba kwa nguvu fulani walau mara moja kwa siku, saa za asubuhi watu wanapooga. Milima ya Mwanza inatoa mteremko bure. Tatizo lake ni mwamba: huwezi kuchimba mtaro wa mita mbili kwenye itale ya Mabatini bila baruti, na nyumba zimesongamana kiasi kwamba hakuna barabara ya kupitisha mtambo. Dawa ilipatikana Brazili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wahandisi wa mji wa Natal walithibitisha kwamba bomba jembamba la milimita 100, lililolazwa kina kifupi uani na vichochoroni, hujisafisha vizuri hata kwa mteremko wa mita moja katika kila mita 200, kwa sababu maji machache katika bomba jembamba hukwaruza zaidi kuliko maji hayohayo yakitandazwa kwenye bomba pana. Mfumo wa aina hiyo ndio uliopelekwa kwenye vilima vya Igogo, Mabatini na Kilimahewa. Penye jiwe tupu, bomba linapita juu ya jiwe.

Uzuri wa bomba jembamba ndio udhaifu wake pia. Halina nafasi ya maji yasiyo yake, na maji ya kwanza yasiyo yake ni ya mvua. Chukua nyumba ya watu sita: majitaka yao kwa siku ni lita 400 hivi. Bati lake lina mita za mraba 100. Mvua ya milimita 20 ikipiga kwa saa moja, bati hilo linamwaga lita 2,000. Saa moja ya mvua kutoka nyumba moja ni majitaka ya siku tano za nyumba hiyo. Fundi akiunganisha mfereji wa bati kwenye chemba, kwa nia njema tu ya kuukausha ua, chemba ya jirani aliye bondeni itainua mfuniko wake jioni hiyohiyo. Kinachotoka hapo kinaelekea Mto Mirongo, na Mirongo unakatiza katikati ya jiji kwenda ziwani. Kanuni inayokataza maji ya mvua kuingia kwenye mtandao wa majitaka ni hesabu hii tu iliyoandikwa kwa maneno.

Kuna mchezo mwingine wa msimu wa mvua ambao kila mkazi wa mlimani anaujua: kutapisha choo. Shimo la choo hufanya kazi kwa sababu udongo ni chujio na pia ni nyumba ya viumbe wanaokula uchafu. Maji yakipenya polepole, vijidudu vya maradhi hukwama na kufa njiani kwa muda na umbali. Kwa mantiki hiyohiyo sheria inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Lakini shimo lililochimbwa kwenye mwamba halina udongo wa kuchuja. Linajaa. Gari la kunyonya majitaka halifiki, au linafika kwa bei ambayo mpangaji hana. Basi mvua kubwa ikianza usiku, mtu anatoboa ukuta wa shimo na mvua inambebea. Wakaguzi wanaweza kutoza faini, na kosa ni kosa, maana kipindupindu kina tabia ya kufuata njia hiyohiyo. Ila nasema wazi kwamba kanuni inayomkataza mtu kutapisha bila kumpa bomba wala gari la bei anayoiweza imeandikwa nusu.

Mafuta yanahitaji tuyaangalie kwa karibu zaidi. Mama lishe akimaliza kukaanga sato, huosha karai kwa maji ya moto na sabuni, na mafuta yanaonekana kwisha. Hayajaisha. Sabuni imeyavunja vitone vidogo sana, na joto limeyafanya yawe majimaji. Mita 30 mbele, maji yamepoa, sabuni imechanganyika na maji mengine ikapungua nguvu, na vitone vinaanza kukutana tena. Vinashika kwenye ukuta wa bomba. Asidi za mafuta zikikutana na kalsiamu inayotoka kwenye saruji na kwenye maji yenyewe, zinageuka kitu kigumu cha kijivu, kigumu kuliko mche wa sabuni ya kufulia, ambacho maji ya moto hayakiyeyushi. Fundi wa kuzibua hukikata kwa vyuma.

Chemba ya kunasa mafuta, ambayo hoteli na viwanda hutakiwa kuwa nayo kabla ya kuunganishwa, inatumia kanuni mbili tu: mafuta ni mepesi kuliko maji, na maji yakitulia kila kitu hurudi mahali pake. Fungua mfuniko wa chemba iliyotengenezwa vizuri utaona utando mzito wa njano juu. Chini ya utando kuna maji yaliyopoa, na kitakoni umelala wali na mchanga. Bomba la kutoka halianzii juu wala kitakoni. Linashuka hadi katikati, likachota maji ya katikati peke yake. Ukubwa wa chemba hupangwa ili maji yakae humo kama nusu saa. Chemba ndogo kupita kiasi ni mapambo, na chemba kubwa isiyosafishwa ni mapambo vilevile, kwa sababu utando ukishuka hadi usawa wa bomba la kutoka, mafuta yanaendelea na safari. Kama ningepewa nafasi ya kukagua kitu kimoja tu katika hoteli zote za Mwanza, ningekagua hicho.

Nepi, pedi na matambara hayahitaji maelezo marefu: hayaozi haraka, yanafungamana na nywele kuwa kamba, na kamba hiyo husimamisha pampu. Penye pampu, pampu ikisimama, majitaka hujaa na kufurika hapohapo.

Sumu ni jambo zito zaidi. Majitaka ya Mwanza yanasafishwa kwenye mabwawa ya Ilemela, na huko wafanyakazi wenyewe ni viumbe hai. Katika bwawa la kwanza la mfumo wa aina hii, lenye kina kirefu, hakuna oksijeni. Tope hushuka na bakteria wasiohitaji hewa hulimeng'enya na kutoa gesi. Katika mabwawa ya kina kifupi yanayofuata, mwani hutumia jua kutengeneza oksijeni, bakteria huitumia kula mabaki ya uchafu, na wanachokitoa, kabonidayoksaidi, hurudi kuwa chakula cha mwani. Mchana mwani ukiinyonya kabonidayoksaidi hiyo maji yanakuwa na ubesi mkali, jua linayapenya, na vijidudu vya tumbo vinakufa kwa wingi. Mayai ya minyoo ni mazito, yanazama. Kazi yote hiyo haihitaji umeme. Inahitaji jua, siku nyingi, na viumbe hao wasiuawe. Asidi ya betri, petroli, oili chafu ya gereji, rangi, dawa za kuua wadudu, kromu ya kusindikia ngozi: kimoja tu kikiingia kwa wingi kinaweza kuua mwani au bakteria, na ikiwa hivyo mji mzima unapeleka majitaka ghafi ziwani hadi wazaliwe wengine. Petroli ina hatari ya ziada, kwa kuwa mvuke wake hujaza ile nafasi ya hewa juu ya maji bombani ukingoja cheche. Na majitaka yakilala bila hewa hutoa haidrojeni salfaidi, gesi inayonuka kama yai viza ikiwa kidogo na isiyonuka kabisa ikiwa nyingi, kwa sababu huua kwanza uwezo wa pua. Mtu asishuke kwenye chemba peke yake, wala bila kupima hewa, hata kama haoni kitu na hasikii harufu.

Tuseme basi kila mtu ametii. Mvua imetengwa, mafuta yamenaswa, sumu haikuingia, na maji yanayotoka Ilemela yana BOD ya 30 kamili. Je, ziwa limepona?

Chupa ya siku tano haioni fosforasi. Fosforasi haiozi wala haivuti hewa. Inapita kwenye mabwawa na sehemu kubwa yake inatoka upande wa pili. Kanuni za 2007 zinairuhusu hadi miligramu 6 kwa lita. Lakini mwani unaihitaji kidogo tu: miligramu moja ya fosforasi inatosha kujenga zaidi ya miligramu 100 za mwani mkavu, na mwani huo ukifa na kuoza unadai takriban miligramu 140 za oksijeni. Zidisha kwa sita. Maji yaliyofaulu kwa deni la 30 yanaweza kuzaa deni la 840 wiki kadhaa baadaye, mbali na bomba, mahali ambapo hakuna mkaguzi. Hicho ni kiwango cha juu kabisa, maana si fosforasi yote inayoliwa, lakini hata robo yake ni mara saba ya kilichopimwa. Na katika Ziwa Victoria mwani wa bluu-kijani, ukikosa naitrojeni, huivuta hewani wenyewe. Kwa hiyo fosforasi ndiyo ya kuibana.

Haki itendeke: majitaka ya miji si chanzo kikubwa kuliko vyote. Vumbi na moshi vinavyoshuka na mvua, pamoja na mito inayobeba udongo wa mashamba, huleta fosforasi nyingi zaidi ziwani kote. Lakini vumbi hutawanyika juu ya kilomita za mraba 68,800. Bomba hutoa penye ghuba, karibu na watu na mazalia ya samaki. Mabadiliko yenyewe yalishapimwa. Mtafiti Talling alipima oksijeni ya ziwa hili mwaka 1960 na 1961. Wenzake waliopima tena kuelekea miaka ya 1990 walikuta sehemu kubwa ya maji ya chini ikikosa oksijeni kwa miezi mingi. Na mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake, waliofanya kazi katika Ghuba ya Mwanza, walieleza jambo linalohuzunisha kuhusu furu: jike huchagua dume kwa rangi, na maji yakichafuka mwanga unabadilika, rangi hazionekani, na aina zilizokuwa tofauti zinaanza kuchanganyika. Aina hizo hupotea bila kuvuliwa wala kuliwa na sangara.

Mwaka 1972 Marekani na Kanada, zikiwa na Ziwa Erie lililojaa mwani, zilikubaliana kwamba mitambo mikubwa ya majitaka ishushe fosforasi hadi miligramu 1 kwa lita, na hali ikapata nafuu, hadi mbolea ya mashambani ilipoleta mwani tena miaka ya baadaye. Mtambo wa kuishusha hivyo unatumia kemikali za kununuliwa kila siku. Kwa Mwanza naona njia nyingine ina mantiki zaidi: maji ya mabwawa yapelekwe shambani. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kumwagilia yasizidi yai moja la minyoo kwa lita, na mabwawa yaliyokaa vizuri juani hufikia hapo.

Mtu mzima hutoa walau gramu moja ya fosforasi kwa siku. Watu 100,000 waliounganishwa ni tani 36 kwa mwaka. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ambayo mkulima wa mpunga wa Magu au Misungwi hununua kupandia, una fosforasi kilo 10. Ni mifuko 3,600. Mabwawa yatazamisha sehemu ya fosforasi hiyo kwenye tope, na tope nalo ni mbolea likikaushwa vizuri, mradi halina kromu wala risasi ya betri. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mpango wa namna hiyo ingefanyika kwenye chemba za gereji na za viwanda vya ngozi, miaka kabla ya mtaro wa kwanza wa kumwagilia kuchimbwa, na kibali cha kila gereji na kila kiwanda kingetaja kilo kwa mwaka, pamoja na miligramu kwa lita.